Barua Tisa za Kuaga

Kulwa alinipa kalamu kabla sijamaliza uji. Tulikuwa msibani kwao Kagongwa, asubuhi ya kumzika mama yake, na watu wa kanisa walitaka wasifu wa marehemu uwe tayari kabla jeneza halijatolewa nje. "Mama mdogo, wewe ndiye mwenye mwandiko," aliniambia, akaniwekea daftari mapajani. Nikahama na kigoda changu hadi upande wa jikoni, wanawake walikokuwa wakipepeta mchele, nikaanza. Kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa, kufiwa na mume, pacha wawili, wajukuu watano. Mkono ulikwenda vizuri mpaka nilipofika kwenye kazi. Niliandika kwamba marehemu alikuwa mpishi katika kambi ya mgodi huko Geita kwa miezi ishirini, hadi, na hapo nikakwama. Kulwa alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma. "Hadi alipoacha kazi kwa hiari yake," akanisaidia. "Ndivyo tulivyosikia siku zote, au sivyo?" Nilimjibu hapana, kwa ukali usiofaa kwa mtu aliyefiwa, hata wale wanawake wakasimamisha nyungo zao wakanitazama. Nikaandika "hadi kazi ilipokwisha", nikamrudishia daftari, nikaenda kukaa peke yangu nyuma ya tangi la maji. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya Kulwa.

Habari za kwetu Samuye nitaziacha. Hazikuchangia chochote katika mwaka ule ninaousimulia. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na saba, cheti cha kidato cha nne, na mwandiko ambao mwalimu wangu alikuwa akiwapitishia wenzangu darasani ili waone aibu. Hivyo viwili, cheti na mwandiko, ndivyo vilivyonipatia ukarani wa stoo kwenye jiko la kambi. Hatukuajiriwa na mgodi. Tuliajiriwa na kampuni ndogo iliyokuwa imeshinda tenda ya kuwalisha wafanyakazi wa mgodi, na mikataba yetu ilikuwa ya muda, inahuishwa kila mara kwa sahihi mpya. Tulikuwa wanawake tisa. Mimi nilikuwa nikipokea mchele, mafuta na maharage, na kila alfajiri naandika kwa chaki ubaoni chakula cha siku hiyo, herufi zimesimama wima, mpaka wanaume wa zamu ya asubuhi wakaanza kuniita Mwalimu. Mama Kulwa alikuwa msonga ugali. Usidhani ni kazi ndogo. Mwiko wake ulikuwa mrefu kuliko mimi, na sufuria lake lilihitaji watu wawili kulishusha. Alikuwa amepita miaka hamsini, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyelima tangu utoto, na hakujua kusoma hata jina lake. Alipokuwa akisonga hakuzungumza na mtu. Akimaliza alifuta jasho kwa upindo wa khanga, akasema "Haya, waje," na watu walikuja.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja, mimi na yeye, kule Nyankumbu. Kitanda changu upande wa dirisha, chake upande wa mlango, katikati tumening'iniza shuka. Hewani mle mlikuwa na harufu ya mafuta ya taa na sabuni ya kipande, na kupitia ukuta wa jirani tulisikia kila kitu: fundi cherehani akigombana na mkewe, redio ya mpira, mtoto akifundishwa kuhesabu. Jumapili tulipokuwa hatuna zamu Mama Kulwa alichemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo dada yake alimletea kwa gunia, akavichanganya na karanga zilizotwangwa, tukala kwa mikono kutoka sufuria moja. Hapo ndipo alipokuwa akizungumza. Na mazungumzo yake yalikuwa ni moja tu, boma lake. Huku Kagongwa alikuwa amesimamisha nyumba ya vyumba vitatu, tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo kwa sababu saruji ilimshinda. Kuta zilikwisha kufika juu. Mbao alikuwa nazo, amezilaza kwa dada yake. Kilichobaki ni bati. "Boma la udongo linasubiri masika mara moja tu, ng'wanone," alikuwa akiniambia, yaani mwanangu. "Ya kwanza yalinipita salama kwa kuwa kuta zilikuwa chini. Sasa zimesimama." Ndiyo maana miezi ile yote sikuwahi kumwona akinunua soda.

Habari ya kwisha kwa kazi niliisikia nikiwa stoo, nimeinama nyuma ya magunia nikitafuta panya. Msimamizi wetu, Kaka Deo, aliingia na simu sikioni akadhani hakuna mtu. "Tenda imekwenda kwa wengine," alisema. "Hapana, bado sijawaambia rasmi. Hawa mama mwisho wao ni mwezi huu." Akasikiliza, akacheka kidogo. "Barua za nini? Nitawaambia kwa mdomo tu." Nilibaki nimeinama mpaka alipotoka. Kesho yake kweli alitukusanya karibu na masinki akatuambia kwa mdomo. Alisema kwa upole, akatushukuru, akasema kampuni mpya itakuja na watu wake lakini nani ajuaye. Mama Shija, mwoshaji vyombo, mwanamke wa sauti kubwa ambaye hakuna jambo lililompita, aliuliza kuhusu fao la kukosa ajira. Tulikuwa tumekatwa michango ya Mfuko wa hifadhi ya jamii kila mwezi, na alikuwa amesikia kwamba anayepoteza kazi hulipwa sehemu ya mshahara wake kwa miezi sita. "Hiyo ni haki yenu," Kaka Deo alisema. "Mtaifuatilia ofisini kwao." Nikamtazama Mama Kulwa. Midomo yake ilikuwa ikisogea polepole, na nilijua anagawanya miezi sita kwa idadi ya bati.

Sasa nifike kwenye kosa, na nilieleze kama lilivyokuwa, kwa sababu mtu asiye wa kwetu anaweza kudhani tulirogwa. Kwetu mtu haondoki kwa watu bila kuaga. Hata kama umefika kuazima jembe tu, utaaga, utasindikizwa, utaagwa tena njiani. Anayeondoka kimya ni mwizi au ana kinyongo. Jioni ile tukiwa tunasubiri gari la kambi, Mama Kulwa akasema, "Tumekula nyumba ya watu miezi ishirini. Tutatokaje, kama kuku?" Mama Shija akaunga mkono kwa sababu zake: "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Tukiaga vizuri, hiyo kampuni mpya ikiuliza watu, watatutaja sisi." Wakaniangalia wote, na mimi, kwa kiburi cha mwandiko wangu, nikasema kwamba ofisi haiagwi kwa mdomo. Ofisi huagwa kwa barua. Nitawaandikia wote. Walinishangilia pale barabarani, na nakiri kwamba nilifurahi sana.

Nikaandika barua tisa, Jumapili moja, juu ya beseni lililofunikwa. Nane kati ya hizo zilikuwa sawa. Zilikuwa na anwani kila upande, na YAH: KUAGA KAZINI kwa herufi kubwa, na mstari chini yake. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi niliyetajwa hapo juu ninapenda kuujulisha uongozi kwamba ninaondoka kazini ifikapo mwisho wa mwezi huu, na ninatoa shukrani zangu za dhati. Nilikuwa najiona wakili. Wanawake walikuja mmoja mmoja wakaketi kwenye kitanda changu, nikawasomea, wakaitikia, watano wakaweka dole gumba kwa wino wa kalamu niliyoivunja, Mama Shija na mwenzake mmoja wakatia sahihi zao za kujikongoja. Barua ya tisa ilinitoa jasho. "Mimi usiniandikie hiyo," Mama Kulwa alisema. "Andika ninavyosema." Akafumba macho, akasema taratibu, akinisubiri kila nilipochelewa: "Mimi Mama Kulwa ninaondoka. Nimewapikia miezi ishirini, na hakuna aliyelala njaa kwa ajili yangu. Sufuria kubwa limeanza kuvuja upande wa kushoto, msilichemshie maharage. Yule aliyenitukana siku ya Pasaka nimemsamehe, na kama kuna niliyemkosea anisamehe. Mbaki salama."

"Mama, barua ya ofisi haiandikwi hivyo," nilimwambia.

"Kwani ofisi haiagwi?"

"Inaagwa, lakini kwa lugha yake."

"Lugha yake sina. Andika yangu."

Nikaandika. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea, akaniambia tena, mara tatu, kisha akaweka dole lake pale chini kwa uangalifu, akakaa akiipepea karatasi ikauke.

Kaka Deo alizipokea barua zote tisa kwa tabasamu ambalo sikulielewa. Wema hauozi, tunasema. Wa kwetu uliwekwa kwenye faili. Mwezi ulikwisha, tukakabidhi aproni, tukapanga foleni kwenye ofisi ya Mfuko mjini Geita. Kulikuwa na viti vya chuma vilivyounganishwa, feni iliyokuwa ikizunguka bila kuleta upepo, na namba nyekundu juu ya madirisha. Tulikaa tangu saa mbili hadi karibu saa saba, tumebeba maandazi kwenye mfuko, tukiyala kwa kificho kwa sababu ukutani waliandika usile. Namba yetu ilipoitwa tulisimama tisa kwa pamoja, na dada wa dirisha la tatu akasema mmoja anatosha. Nikaenda mimi. Alikuwa dada mtulivu, mwenye miwani, na simlaumu kwa lolote. Alitazama kwenye kompyuta, akanyanyuka, akarudi na karatasi.

"Mwajiri wenu ameandika kwamba mliacha kazi kwa hiari."

"Hatukuacha, dada. Tuliachishwa."

"Hii si sahihi yako?" Akanigeuzia karatasi. Ilikuwa nakala ya barua yangu, herufi zimesimama wima.

"Hiyo ni ya kuaga tu."

"Ya tarehe kumi na nane. Kazi ilikwisha tarehe thelathini. Barua ya kuachishwa mlipewa lini?"

"Tuliambiwa kwa mdomo."

Alivua miwani akayafikicha macho. "Dada yangu, fao hili ni la aliyeikosa kazi. Si la aliyeiacha. Mimi hapa naona watu tisa walioandika wenyewe, kabla hawajaandikiwa lolote, kwamba wanaondoka." Nyuma yangu Mama Shija alikuwa amesogea, na alisikia yote. Sikuhitaji kugeuka ili kujua uso wake ulivyokuwa.

Siku zilizofuata sizipendi hata leo. Nilikwenda kwenye ofisi ya kampuni, kontena lenye kiyoyozi, nikamkuta kijana wa utumishi ambaye sikuwahi kumwona. Alinisikiliza huku akibonyeza simu, akasema kampuni haijamwachisha mtu kazi, sisi ndio tuliotangulia. Nikamwomba Kaka Deo. Amehamishwa, akasema. Namba yake ilikuwa haipatikani. Nikatambua kwamba barua zangu zilikuwa zawadi kwao. Ziliwaondolea hata ile notisi ambayo wangetulipa. Na kila nikirudi chumbani niliwakuta wanawake wawili watatu wamekaa mlangoni wakinisubiri. Hawakupiga kelele. Afadhali wangepiga. Mmoja alidaiwa kodi ya miezi mitatu, mwingine mama yake alikuwa amelazwa. Waliuliza tu, "Mwalimu, wamesemaje?" nami nikajibu kwamba nafuatilia. Mama Kulwa hakuuliza. Alikuwa amekwenda Kagongwa kufunika vichwa vya kuta kwa maturubai ya kuazima, maana mawingu yalikwisha kuanza kupanda upande wa mashariki kila alasiri na kushuka bila kunyesha. Alinipigia kwa simu ya dada yake akaniambia wiki mbili, labda tatu, mvua haitangoja zaidi.

Njia ilipatikana kwa kusikiliza ya watu. Nilirudi kwa dada wa miwani mara ya tatu, nikaambiwa nisubiri, na kiti changu kilikuwa karibu na mlango wa chumba chao cha chai. Alikuwa akimweleza mwenzake habari zetu. "Wale mama wa jikoni wananisikitisha. Wengi hata kusoma hawajui, wameweka dole tu." Mwenzake akauliza, "Walijua walichokiwekea dole?" Dada akasema hajui. "Kama walijua, waliacha kazi. Kama hawakujua, walete kiapo, na aliyeandika naye aape kwamba aliandika bila wao kuelewa. Hapo barua inakuwa si yao." Kijiko kikagonga kikombe. Mimi nilikuwa tayari nimesimama. Sikungoja hata namba yangu iitwe.

Nataka kuwa mkweli kuhusu furaha niliyokuwa nayo nikitembea kwenda kwa wakili. Nilijua kwamba mimi sitalipwa. Nilikuwa nimesoma, nimeandika kwa mkono wangu, sina pa kujificha. Lakini wale wanane wangelipwa, na ningekuwa mimi niliyewaokoa kwa kujitoa. Nilijiona mtu mkubwa. Ofisi ya wakili ilikuwa chumba chembamba karibu na mahakama, chenye meza mbili na Biblia na Kurani zimewekwa juu ya kabati moja. Nilimtajia majina manane, naye akayachapa. Aya ya nne ya kiapo changu ilisema kwamba waliotajwa hawakujua, wala hawakuelezwa, yaliyomo katika barua nilizoandika kwa niaba yao. Jina la Mama Kulwa nilimtajia mimi mwenyewe, la pili kutoka juu, na nikaongeza kwamba huyu ndiye kabisa, hajui hata a. Wakili akaandika na hilo. Nikanyanyua mkono wa kulia nikaapa. Sikumpigia simu Kagongwa kumuuliza. Ilinipitia tu kwamba mtu anayesubiri bati hana la kuulizwa.

Saba waliapa siku mbili baadaye, mmoja baada ya mwingine, macho chini. Mama Shija ndiye aliyekuwa na shida kidogo. Aliposomewa kwamba hakujua yaliyomo katika barua, alinitupia jicho, nami nikamwashiria kwa kichwa kwamba ndiyo, sema. Akasema. Nilidhani tumeelewana, kwamba huo ni uongo wetu sote, tumeubeba pamoja. Lakini nilijifunza kitu kuhusu kiapo. Wiki ilikuwa haijaisha nilipokuwa nikinunua dagaa sokoni nikamsikia Mama Shija, upande wa pili wa meza ya nyanya, akimsimulia mwenzake. "Ndiye yule. Alituandikia barua za kuacha kazi, anatusomea kingine, sisi tunaweka sahihi kama vipofu. Kampuni ilimpa nini, Mungu ndiye ajuaye." Hakuwa akitania, wala hakujua kwamba nipo. Alikuwa anaamini. Nilirudisha dagaa mezani nikaondoka, na sikutaka tena mtu aniite Mwalimu.

Mama Kulwa alifika Geita Alhamisi, ametoka stendi moja kwa moja hadi kwa wakili, viatu vyake vina vumbi la Kagongwa. "Shikamoo mayu," yaani mama, nikamwamkia. "Marahaba, ng'wanone. Nasikia kuna karatasi." Nikamwambia ni ya kuweka dole tu, fao litapita, mambo yamekwisha. Aliketi, akamwomba wakili amsomee. Wakili akasoma haraka haraka, kama alivyowasomea wengine. Mama Kulwa akamwambia arudie, polepole.

"Kwamba mimi sijui kusoma wala kuandika," wakili akasoma. "Kwamba barua hiyo iliandikwa na mtu mwingine. Kwamba mimi sikujua maudhui, yaani maneno yaliyomo ndani ya barua hiyo."

"Nani amesema sikujua?"

Wakili akaninyooshea kalamu. Akafungua faili akamsomea na aya yangu ya nne, na ule mstari niliouongeza. Mama Kulwa hakunitazama. Alitazama mikono yake iliyokuwa mezani. Kisha akafumba macho, akaanza kusema, taratibu, kwamba yeye Mama Kulwa anaondoka, kwamba amewapikia miezi ishirini na hakuna aliyelala njaa kwa ajili yake, na sufuria, na maharage, na yule aliyemtukana siku ya Pasaka. Hakuruka neno. Alipofika kwenye mbaki salama, akafumbua macho. "Hiyo ndiyo barua yangu," akamwambia wakili. "Sijaandika nyingine maishani mwangu. Sasa unataka niape kwamba si yangu?"

Wakili aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu mzima, na nadhani alimheshimu. "Mama, ukisema hivyo, unajifungia mlango mwenyewe. Hutalipwa."

"Nimeelewa."

"Na bati?" Nilimshika mkono. Sauti yangu ilikuwa juu, watu wa nje walichungulia. "Mama Kulwa, mvua hiyo inakuja! Ni dole tu! Weka dole, halafu Mungu atakusamehe, atatusamehe sote!"

"Mungu simwogopi kwa hili," alisema, akautoa mkono wake. Alipofika mlangoni alisimama ili nimfikie. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Hao maofisa hawakuwepo. Wakisema sikujua, sawa. Wewe ulikuwepo, Milembe. Nilikwambia usome mara tatu." Akaenda stendi. Sikumsindikiza, na nilibaki pale kwenye ngazi za wakili mpaka alipopotea kwa watu.

Mvua ilinyesha Jumamosi ya wiki iliyofuata, mchana kweupe, na nilikuwa Kagongwa. Nilikuwa nimekwenda kumwomba radhi na nilikuta hakuna nafasi ya radhi, ilikuwa ni kukimbizana na maturubai. Tulivuta kamba, yeye, dada yake, Kulwa na mimi, upepo ukatunyang'anya turubai la kwanza, kisha la pili. Tukakimbilia kibanda cha dada yake, tukasimama mlangoni tumelowa. Ukuta wa magharibi ulianza kulainika kwa chini, ukakaa hivyo kitambo, kisha ukalala wote kwa pamoja. Ule wa kati ulifuata. Dada yake akapiga yowe. Mama Kulwa alisema tofali hazijayeyuka, zitaokotwa, kisha akaingia ndani kuchochea moto kwa sababu sote tulikuwa tunatetemeka. Nililia mbele yao bila kujizuia, na hakuna aliyenibembeleza.

Wale saba walilipwa. Mama Kulwa aliokota tofali zake, akauza wali kwa madereva wa malori pale njia panda, na ilimchukua misimu minne kusimamisha upya nyumba ambayo nusu ya fao lile ingeiezeka. Tuliendelea kuwa watu wa karibu. Alinipokea, alinilisha, watoto wake aliwafundisha kuniita mama mdogo, na hakuwahi kunisuta hata kwa utani. Jirani wakimuuliza kwa nini hakulipwa kama wenzake alijibu kwamba aliaga mwenyewe, basi, na wao wakalifasiri watakavyo. Mimi nilikuwa na njia moja ya kulipa. Ningerudi kwa wakili nikafuta jina lake katika kiapo changu, niseme kwamba huyu nilimsomea, alijua. Nilifika hadi kwenye zile ngazi mara mbili. Lakini mtu akikiri kwamba amedanganya kuhusu mmoja, nani atamwamini kuhusu saba? Malipo yao yalikuwa ya kila mwezi na yangeweza kusimamishwa. Nikajiambia nitarudi miezi sita ikiisha. Ilipoisha nikajiambia haina faida tena, boma limekwisha kuanguka, maji yakimwagika hayazoleki. Miaka ikapita hivyo, na yeye hakuniomba, na mimi sikwenda. Sasa amezikwa, na katika faili moja mjini Geita bado imo karatasi yenye mhuri inayosema kwamba mwanamke huyu hakujua maneno yake mwenyewe, na mwandiko ulio kwenye sahihi ni mzuri, na ni wangu.